Bwana Harusi wa Tangazo

"Mkumbatie basi, Masunga! Unamshika bibi harusi kama umeshika geti!"

Zamda alikuwa amesimama juu ya kigoda, simu mkononi, ushungi umemteleza mpaka mabegani kwa kuhangaika. Ilikuwa mara ya sita wanarekodi kipande kilekile.

"Nikimbana zaidi nitachafua shela," Masunga alijitetea. "Mikono yangu ina masizi."

"Umenawa mara tatu! Sabuni yangu yote umeimaliza," Specioza alisema, akicheka mpaka taji likampinda kichwani.

Specioza Bujiku alikuwa na miaka ishirini na minane na duka la kukodisha shela na suti pale Somanda, Bariadi. Duka zuri, shela safi, wateja hakuna. Maharusi wa Bariadi walishazoea kupanda basi kwenda kukodi Mwanza, shela zake yeye zikabaki zinaning'inia na kutazamana. Zamda, jirani yake muuza vitenge, ndiye aliyemfungua macho. Vitenge vyake viliagizwa kutoka Maswa mpaka Mwanhuzi na watu ambao hawajawahi kuuona mlango wa duka lake.

"Siku hizi duka ni simu, shoga yangu," alimwambia. "Huo mlango wako ni stoo tu. Tupige video."

Bibi harusi angekuwa Specioza mwenyewe. Bwana harusi akapatikana upande wa pili wa ukuta: Masunga, fundi wa kuchomelea mageti, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Alipotoka nyuma ya pazia na suti ya bluu, Zamda alimpandisha na kumshusha kwa macho, akasema, "Kumbe tulikuwa tunaishi na mtu."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Masunga ageuke, amtazame bibi harusi, aseme: "Mke wangu, kumbe yote haya yapo Bariadi!" Basi. Mara zote sita aliyasema kama mwanafunzi anayesomeshwa ubaoni.

Mara ya saba aligeuka akamkuta Specioza ameinamisha uso, bado ana mabaki ya kicheko mdomoni. Masunga akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alimtazama tu, halafu taratibu akasema:

"Spe... umependeza mpaka nimesahau nilichotakiwa kusema."

Specioza akasikia masikio yanawaka moto.

"Hiyohiyo!" Zamda aliruka kutoka kwenye kigoda. "Hakuna kurudia! Jamani, hata mimi nimetamani kuolewa upya!"

"Lakini hajaitaja Bariadi," Specioza alisema kwa sauti ndogo.

"Bariadi nitaiandika mimi."

Na akaandika: *Siku yetu imekaribia. Asanteni kwa kutuombea. Shela na suti zetu zinatoka Spe Maharusi, Somanda, Bariadi.*

"Zamda, 'siku yetu' tena? Watu watadhani tunaoana kweli."

"Wadhani! Tangazo la shela bila harusi nani atalitazama? Anayetangaza soda si lazima awe na kiu."

Specioza akageukia pazia. "Masunga, wewe unasemaje?"

"Mimi niliahidi nitakusaidia," sauti ilijibu kutoka nyuma ya pazia. "Mengine mnayajua ninyi wenye simu."

Specioza akabonyeza, video ikaenda.

Siku ya tatu simu yake ilikuwa haishikiki.

*Hongera dada! Shela hiyo ukishaivaa siku yako naomba niikodi mimi.*

*Huyo kaka umempata wapi? Hana mdogo wake?*

*Niko Maswa, harusi yangu mwezi wa nane. Nishikie suti kama ya bwana wako, tafadhali.*

Huyo wa Maswa aliitwa Benedikta. Alikuja na mama yake na mashangazi watatu, akamkumbatia Specioza kama ndugu aliyepotea.

"Dada Spe, yaani tutaolewa msimu mmoja! Pamba ikishauzwa tu, mimi na wewe!"

Specioza alitabasamu, akampima kiuno. Kwenye video walipouliza, *Harusi lini?* alijibu, *Tutawatangazia, karibuni sana.* Kila alipoandika hivyo kuna kitu kilimchoma kifuani, halafu mteja mwingine akaingia na uchungu ule ukapoa.

Masunga naye hakuachwa. Watu walisimamisha pikipiki mbele ya karakana yake.

"Wewe si yule bwana harusi?"

"Mimi ni fundi," alijibu bila kuinua uso. "Unataka geti la upana gani?"

Jumapili, Specioza akiwa anapiga pasi, simu ililia. Baba yake, Mzee Bujiku, kutoka nyumbani Lagangabilili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unaolewa lini?"

Pasi nusura imuunguze. "Baba, ile video... lile ni tangazo la biashara. Siyo kweli."

Kule upande wa pili alisikia kuku tu.

"Baba?"

"Nipo. Leo tulipotoka kanisani watu wamenishika mkono mmoja mmoja. Mama yako amepigiwa vigelegele. Nikasema asanteni, Mungu ni mwema. Sasa niwarudie nyumba kwa nyumba niwaambieje?"

"Waambie ni tangazo tu, baba."

"Mara ya kwanza niliwaambia mchumba amebadili mawazo. Mara ya pili niwaambie mchumba ni tangazo?"

Miaka mitatu nyuma Specioza alikuwa na mchumba Mwanza. Mahari imeshatolewa, kamati imeshakaa, kadi zimeshagawiwa. Zikiwa zimebaki wiki tatu, alipokea ujumbe: *Spe nisamehe, sijajipanga.* Maneno matatu. Shela aliyokuwa amejinunulia ndiyo ikawa shela ya kwanza ya duka lake. Ila aibu ile hakuibeba peke yake. Ni baba yake aliyezunguka Lagangabilili nzima kuwaambia watu kwamba hakuna harusi.

"Nitarekebisha, baba."

"Rekebisha mapema," Mzee Bujiku alisema, akakata simu.

Jumatatu walikuja maharusi watano. Hakurekebisha kitu.

Alhamisi mchana duka lilikuwa limejaa. Benedikta alikuwa amerudi kujaribu shela, na wateja wengine wawili wakisubiri zamu. Mlangoni akasimama mama mmoja wa makamo, kitenge kipya bado kina mikunjo ya dukani, kibuyu cha samli mkononi. Nyuma yake msichana mwenye uso wa Masunga mtupu.

"Mwadila," yule mama alisalimia. "Namtafuta mkwe wangu. Nimetoka Bukundi tangu alfajiri."

Specioza akajua kabla hajaambiwa. Miguu yenyewe ikapiga magoti, kama alivyolelewa.

"Mwadila, mayu," aliitikia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mhola?" yule mama akamjulia hali.

"Mhola duhu, mayu."

Yule mama akamtazama vizuri. Akaweka kibuyu chini, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Ndiye wewe! Sayi, si ndiye huyu? Sayi ndiye mwenye simu pale nyumbani. Alinionyesha nikamwambia rudia, nikamwambia rudia tena, mpaka simu ikaisha chaji!" Machozi yakaanza kumtoka, na kicheko papo hapo. "Huyu Masunga tangu baba yake afariki amekuwa mtu wa kunyamaza. Kila nikimuuliza habari ya kuoa, ananiambia mama, bado. Kumbe bado yenyewe ni wewe!"

"Jamani, mama mkwe!" Benedikta alipiga vigelegele akiwa ndani ya shela yenye pini. Wale wateja wengine wakadakia. Duka likawa sherehe.

Masunga alitokea mlangoni mbio, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso. Akamwona mama yake. Akamwona Specioza chini kwenye magoti. Macho yao yakakutana, na Specioza akaona wazi kwamba anamwachia yeye nafasi ya kusema.

Lilikuwa neno moja tu la kusema. Lakini wateja watatu walikuwa wanatazama, na mmoja wao ameshainua simu anarekodi.

"Karibu sana, mama," Specioza alisema. "Karibu nyumbani."

Uso wa Masunga ukabadilika. Akachukua kibuyu, akamshika mama yake mkono. "Twende upumzike, mama. Umechoka na safari."

Jioni, jua halijazama, alirudi peke yake. Zamda alikuwa anamsaidia Specioza kukunja vilemba.

"Zamda, naomba utupishe."

Zamda akatoka bila utani, jambo lisilo la kawaida yake.

"Masunga, nilichanganyikiwa. Watu walikuwa wengi..."

"Ulipomwita mama, ulikuwa unamwita mama yangu au unawatangazia wateja?"

"Usiseme hivyo."

"Nakuuliza. Nataka kujua nimwambie nini. Amekaa kule chumbani kwangu anahesabu kwa majina wajomba watakaokuja kwenu kuposa. Anacheka peke yake, Spe. Mama yangu sijamsikia akicheka hivyo miaka minne."

"Tungemwambia polepole..."

"Lini? Pamba ikishauzwa? Msimu wa harusi ukiisha?"

Masunga akavua miwani, akaishika mkononi.

"Ile siku ya video uliniambia niigize. Mara sita nimeigiza, mmenicheka wote. Ile ya saba sikuigiza. Nilidhani umeona."

"Masunga..."

"Sikulaumu kwa kutonipenda. Hukuniahidi kitu. Ila mama yangu simwachii aendelee kufurahi kwa uongo. Kesho namrudisha Bukundi na njiani nitamwambia kweli. Wewe wateja wako utajua mwenyewe utawaambia nini."

Alipotoka hakupiga mlango. Aliufunga taratibu, na hilo ndilo lililomuuma Specioza zaidi.

Karakana ikabaki na kufuli siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Specioza akagundua kwamba kwa miaka miwili alikuwa amefanya kazi akisikia nyundo upande wa pili wa ukuta, na sasa ukimya ule ulimfanya akosee hata kupima. Alimpigia, simu haipatikani. Akamwandikia, *Samahani.* Tiki moja. Baadaye tiki mbili. Jibu hakuna.

Kwenye simu watu walikuwa hawana habari.

*Tunataka sehemu ya pili!*

*Bwana harusi yuko wapi? Tumemmisi.*

Zamda akaja na suluhisho. "Nimempata Imrani, yule wa duka la viatu. Ana mwili, ana meno, na anajua kusema. Tunampiga video yeye akiwa mpambe wa bwana harusi. Watu watatulia."

Imrani akaja kweli, ananukia, amevaa suti ya kijivu. Akasimama mbele ya Specioza, akaweka mkono kifuani, akasema bila kukosea hata silabi moja:

"Shemeji, kaka yangu amepata almasi. Siku inakaribia na sote hatulali kwa furaha."

"Safi!" Zamda alipiga kelele. "Mara moja tu! Spe, tabasamu... Spe?"

Specioza alikuwa ameketi sakafuni, shela imemzunguka kama maziwa yaliyomwagika, analia.

"Imrani, nisamehe kaka. Nenda tu."

Walipobaki wawili, Zamda akakaa sakafuni kando yake.

"Unalilia biashara au unamlilia Masunga?"

"Nalilia yule mama. Unajua kilichoniuma kule Mwanza siyo yule mwanaume, Zamda. Ni baba yangu alivyoshangilia harusi ambayo mwenye kuoa alishaiacha siku nyingi, na mwanaume mwenyewe akawa anatuangalia tu tunavyoandaa. Na mimi nimekaa hapa, mama wa watu analia kwa furaha mikononi mwangu, namwangalia tu."

Zamda akavuta pumzi. "Yale maneno ya 'siku yetu' niliandika mimi."

"Na kidole kilichobonyeza ni changu. Na Masunga nampenda. Nimejua alipofunga ule mlango."

"Afadhali umesema mwenyewe," Zamda alimjibu. "Mimi nilijua tangu siku ile ya sabuni."

Specioza akafuta uso kwa kiganja. "Nishikie simu. Naingia laivu."

"Spe, hujapaka hata poda."

"Shika hivyohivyo."

Saa kumi za alasiri, Specioza Bujiku aliingia laivu, macho mekundu, nywele zimefungwa kitambaa. Watu walianza kumiminika na hongera zao. Akawaacha wajae kidogo, kisha akaanza.

"Naitwa Specioza. Ile video ya mimi na bwana harusi ni tangazo. Hatukuwa wachumba. Mliponiuliza harusi lini, niliwadanganya. Mliokuja dukani mkanikumbatia, nikawanyamazia. Nimekosa."

Komenti zikageuka palepale. *Tapeli wa mapenzi!* *Nilijua!* *Rudisha maombi yetu!* Zamda hakuishusha simu.

"Yule kaka hana kosa. Ni fundi wa mageti, mtu mwaminifu kuliko wote mnaowajua. Alikubali kunisaidia bila malipo. Mama yake alisafiri kutoka Bukundi kuja kunisalimia, nikamwitikia kama mkwe, na sikuwa mkwe wake. Kama kuna mtu wa Bukundi anatazama, naomba amfikishie. Mama, nisamehe. Na baba yangu Lagangabilili, nisamehe na wewe. Anayetaka kufuta oda yake afute, nitamwelewa."

Walifuta wanne. Wa tano kuandika alikuwa Benedikta: *Mimi nilikuja kufuata shela, sikumfuata bwana wako. Jumamosi nakuja kuichukua. Ila dada, huyo kaka wewe unampenda, acha kutuzungusha.*

Chini yake watu mia na kitu wakagonga moyo.

Kesho yake asubuhi simu ikalia kwa namba asiyoijua.

"Haloo?"

"Mwangaluka. Ni mimi mama yake Masunga."

Specioza akasimama wima kama yuko mbele yake. "Mwangaluka, mayu. Mama, mimi..."

"Nimekuona kwenye simu ya Sayi unalia. Umenililia mbele ya dunia nzima, mimi mwenyewe hujanililia."

"Ni kweli, mama."

"Msamaha wa kwenye simu mimi siujui. Njoo useme hapa."

"Nije lini, mama?"

"Basi la kwenda Mwanhuzi si linaondoka saa tatu? Sasa hivi ni saa mbili."

Zamda hakusubiri kuulizwa. Alishafunga duka lake. Walishuka Mwanhuzi, wakapanda pikipiki mbili kwenda Bukundi, vumbi limewapaka mpaka kope. Wakapita mashamba ya pamba iliyoanza kupasuka na makundi ya ng'ombe waliowasimamisha njiani bila haraka yoyote.

Mama yake Masunga alikuwa anapepeta mtama mbele ya nyumba. Hakuinuka. Specioza akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, nilikudanganya. Ulinijia kwa furaha nikakujibu kwa woga wa kupoteza wateja. Sina cha kujitetea."

Yule mama akaendelea kupepeta. Punje zikapanda, zikashuka.

"Unajua nilimwambia nini shemeji yangu? Nilimwambia atenge ng'ombe. Ameshawatenga. Sasa hivi wanakula majani ya peke yao kama wafalme."

Zamda akaziba mdomo kwa ushungi ili asicheke.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe tangu jana. Mtu anayejivua nguo mbele ya watu ili mimi nijue ukweli, si mtu mbaya." Akaweka ungo chini. "Ila hao ng'ombe nimeshindwa kuwaambia warudi zizini. Nenda kamuulize mwenyewe, yuko nyuma anatengeneza jembe la jirani. Rafiki yako huyu abaki, tuna maziwa."

Nyuma ya nyumba Masunga alikuwa amechuchumaa, anagonga jembe la kukokotwa na ng'ombe. Alimwona. Akaendelea kugonga.

"Umekuja kurekodi sehemu ya pili?"

"Simu nimemwachia Zamda."

Nyundo mara tatu.

"Niliona ulichosema jana," Masunga alisema. "Ulinisifu sana. Asante."

"Sikusema yote."

"Ulibakiza nini?"

Specioza akakaa juu ya gogo, mbele yake. Mbele ya simu ilikuwa rahisi kuliko hapa.

"Mwaka jana ulinitengenezea bomba la kutundikia shela. Sikukuomba. Ncha zake ukazisugua mpaka zikawa laini, ukaniambia ni ili lesi zisichanike. Nilikaa siku nzima nazishika zile ncha. Nilijiambia ni ufundi wake tu, kila mtu anamtengenezea hivyo."

"Mageti ya watu wengine sisugui hivyo."

"Sasa najua. Niliogopa, Masunga. Nilishawahi kuamini harusi, ikanifia mkononi. Ya tangazo ilikuwa rahisi, haiwezi kumuumiza mtu. Ndivyo nilivyodhani."

"Imetuumiza wote."

"Imetuumiza. Nakupenda. Sikuja kwa sababu ya mama wala wateja. Ukisema hapana nitarudi na pikipiki ileile, na sitakusumbua."

Masunga akaweka nyundo chini. Akaitazama mikono yake, nyeusi mpaka kwenye viwiko.

"Pikipiki yenyewe imeshaondoka. Nimeisikia."

"Basi nitatembea."

"Mpaka Mwanhuzi? Na hivyo viatu?" Tabasamu likaanza kumponyoka pembeni mwa mdomo. "Spe, mimi si mtu wa maneno mengi. Nilipokuambia umependeza, nilikuwa nimemaliza maneno yote ya mwaka mzima."

"Basi usiseme. Tikisa kichwa tu."

"Hapana, hili nalisema." Akainuka, akaja mbele yake. "Nikuoe, tuoane kweli, wazee wakae, padre atangaze, kila kitu. Unakubali?"

"Nakubali."

"Umejibu haraka."

"Nimechelewa miaka miwili!"

Akamkumbatia. Safari hii aliusahau uchafu wote, na blauzi ya Specioza ikabaki na vidole kumi vyeusi mgongoni. Pembeni mwa ukuta kikasikika kigelegele, kisha sauti ya Zamda: "Mama, umeharibu! Tulikubaliana tusubiri!"

Wazee wa Bukundi walikwenda Lagangabilili wiki mbili baadaye. Mzee Bujiku aliwaketisha, akawatazama mmoja mmoja, akauliza:

"Kabla hatujaanza. Safari hii kuna harusi, au kuna kamera?"

"Kuna ng'ombe, mzee," mjomba mmoja alijibu. "Wako nje, toka uwaone."

Mzee Bujiku akatoka. Akakaa nao muda mrefu kuliko alivyohitaji, akirudisha uso wake sawa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema tu, "Haya, tuongee."

Zamda aliweka habari mtandaoni kwa ruhusa ya wote, na safari hii maneno aliyaandika Specioza mwenyewe: *Tulianza kwa tangazo. Sasa ni kweli. Lagangabilili, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa.* Wale wanne waliofuta oda, watatu wakarudi. Wa nne akaandika kwamba haamini mpaka aone kwa macho yake.

Alikuja kuona. Walikuja wengi. Maharusi wote wa msimu ule, kutoka Maswa, kutoka Mwanhuzi, kutoka Bariadi, walikuja na waume zao wapya, Benedikta mbele akiwaelekeza watu pa kukaa kama yeye ndiye mwenye kanisa. Wali ulipikwa mara ya pili. Imrani alivaa suti yake ya kijivu, na kabla ya mchana alikuwa ameshaandika namba ya simu ya Sayi.

Ndani ya kanisa padre alimgeukia Masunga kwanza, akamuuliza kama anampokea Specioza kuwa mke wake. Yule mtu wa maneno machache akajibu, "Ndiyo, nampokea!" kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi.

Mama yake hakujizuia. Alisimama benchi la mbele, akapiga kigelegele kirefu, wanawake wote wakampokea, kanisa likatetemeka.

"Mama, subiri kidogo," padre alisema akizuia kicheko. "Binti bado hajajibu."

"Atajibu, baba," mama akamwambia. "Wewe muulize tu."

Padre akamgeukia Specioza, akaanza kuuliza. Specioza akajibu kabla swali halijaisha.